Somo Yangu

Mimi sisahau jina la mtu. Wale niliouza nao simsim pale mpakani Busia, waliokufa na waliohama, nawataja mmoja mmoja. Lakini mjukuu wangu sikuwa namwita kwa jina. Alipozaliwa tulimpa la kwangu, basi sisi tukaitana somo.

Titi langu la kushoto lilipovimba, somo alinipeleka hospitali Tororo. Wakakata kinyama kama punje ya mahindi. Kulikuwa na karatasi pia. Mimi niliishia darasa la pili, kwa hiyo yeye akanisomea, nikatia kidole gumba. Leo najua aliruka mistari iliyohusu chuo anakosoma. Majibu akaenda kuyachukua mwenyewe.

"Ni uvimbe tu, somo. Unazeeka vibaya wewe!"

Tukacheka.

Baada ya mwezi nikapanda boda, nikampelekea mihogo chuoni kwake. Nilimkuta na rafiki yake mbele ya kompyuta, picha ya rangi ya waridi imejaa kioo. Hawakuniona. Somo alikuwa anaeleza: unaifunika picha ya nyama kwa miraba mikubwa, unahesabu ile inayoguswa na ukingo wa uvimbe. Halafu miraba midogo, halafu midogo zaidi. Uvimbe usio na neno, ukingo wake umetulia. Wenye saratani, kadiri unavyousogelea ndivyo unavyozidi kuchanika, tawi ndani ya tawi.

Nilielewa. Nimeona njia za mchwa ndani ya nguzo ya nyumba: kubwa inazaa ndogo, ndogo inazaa mfano wake, na kwa nje nguzo bado imesimama.

"Na hii iliyochanika hivi?" rafiki akauliza.

"Hiyo ndiyo somo yangu."

Huku kwetu hatuchagui kati ya langu na yangu. Yeye alitaja masomo yake. Mimi nikasikia nimeitwa.

"Kumbe ndiye mimi pale?" nikauliza kutoka mlangoni.

Angeweza kucheka, aseme hapana, nimesema masomo. Hakucheka. Akaziba kioo kwa mikono miwili, kama mtu aliyekutwa anaoga.

"Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

"Huyu umemwonyesha. Wakati wake mzuri ulifika?"

Matibabu nimeanza, nasindikizwa na jirani. Yeye hupiga simu kila jioni: "Habari, somo?" Namjibu kwa jina lake, zima, kama ninavyomwita mteja.