Upana wa Mwali

Kwa mafundi wa Migori, kuchomelea chuma ni kuchoma tu. Kuharibu kazi nako ni kuchoma. Kwa hiyo fundi mkuu aliponiambia mimi, mwanafunzi wake, mbele ya wateja, "Wewe utachoma," wote waliangua kicheko. Mimi nilikasirika, na sijutii.

Shafti iliyoletwa siku hiyo ilikuwa ya mama mmoja wa Rangwe mwenye posho mill, mashine ya kusaga unga. Pale inapokaa bearing, ile pete inayoshika shafti ikizunguka, chuma kilikuwa kimelika, naye kwa miezi mingi akazungushia kipande cha mkebe wa mafuta ya kupikia ili isicheze. Mwishowe mkebe ukashindwa. Mashine yake ilikuwa ya zamani, na shafti nyingine ya aina ile alikuwa ameitafuta hadi akachoka.

Karakana yetu ilikuwa imepata mashine ya leza. Inayeyusha unga wa chuma juu ya sehemu iliyolika na kuivisha ngozi mpya, na upana wa mwali wake wa mwanga unaweza kurekebishwa. Fundi mkuu aliupenda mpana kabisa, amalize haraka. Lakini sehemu hii ilikuwa nyembamba, na kando yake tu kulikuwa na nyuzi za kukazia nati. Mwali mpana ungezijaza chuma, na shafti ingekwisha kazi.

"Punguza upana," nikasema.

"Nani amekufundisha?"

"Kitabu ya mashine. Ile umewekea kikombe ya chai juu."

Safari hii walimcheka yeye. Akanisukumia miwani ya kinga. "Haya, shika wewe. Ukichoma, hii mashine hutaigusa tena."

"Nyara," mama akaniita, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "mimi niko na hiyo moja tu."

Nilipima mara tatu. Nikapunguza upana hadi ukalingana na sehemu iliyolika, nusu milimita tu zaidi. Shafti ilizunguka kwenye lathe, mashine ya kukereza, na mwali ukakaa nilipouweka. Tulipomaliza kuichonga, nati ilipanda kwenye nyuzi zake bila kukwama, na bearing ikaingia kwa kubana, bila mkebe.

Mama alipitisha kidole juu ya chuma kipya, akacheka peke yake.

"Dada yangu wa Karungu shafti yake pia imekufa," akasema. "Akikuja hapa aulize nani?"

Fundi mkuu akakohoa, akanyoosha koti lake.

"Aulize mimi," nikasema.