Siku Adelaïde Alipokataa Kumwita Mapendo Kichaa

Adelaïde alisomea saikolojia Goma, akarudi kwao Muheto kuwasikiliza watu waliovunjwa moyo na vita. Elimu hiyo humwinua mtu. Ikiwa mikononi mwa mtu mbaya, humfunga.

Wenye bunduki walikuwa wameleta salongo: kila Alhamisi kijiji kizima kilime bure shamba la kamanda wao. Mume wa Mapendo alipigwa huko akafa. Baada ya mazishi, Mapendo alisimama kanisani, akamtaja aliyempiga mumewe, akasema salongo haendi tena.

Papa Sebahire, mkuu wa kijiji, alimfuata Adelaïde nyumbani kwa upole. Alimwomba kwamba barazani, Mapendo atakapohukumiwa kwa kukataa salongo, aseme tu kwamba huzuni imemharibu kichwa. Kichaa hachapwi, kwa hiyo mama wa watu atapona. Hakugusia lile ambalo kila mtu Muheto analijua: neno la kichaa halihesabiwi barazani, na shamba lake hukabidhiwa mlezi. Mlezi aliyetajwa alikuwa mdogo wake Sebahire mwenyewe.

Adelaïde aliogopa. Uongo unaovaa nguo ya huruma ni mgumu kuukataa.

Siku ya baraza, wapiganaji wawili walisimama nyuma ya benchi la wanawake. Sebahire akamuuliza Adelaïde hali ya mgonjwa wake.

"Mama Mapendo halale," akasema. "Akisikia bote za askari zikikanyaga inje, anatetemeka."

Sebahire akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mimi pia silale, Papa. Na weye, tangu bale ba bunduki bafike, unalala? Kama kukosa kulala njo wazimu, hapa hakuna muzima. Hii ugonjwa ilitoka ku salongo, haikutoka mu kichwa yake."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Mpiganaji akamsogelea Mapendo: kama ni mzima, Alhamisi aje na jembe.

"Jembe yangu iko na kazi kwangu," Mapendo akajibu. "Muniuwe hapa mbele ya batu, kusudi musiseme nilikuwa wazimu."

Wanawake waliokaa naye hawakusogea hata kidogo. Mpiganaji alimtazama Sebahire. Sebahire aliwatazama watu wote waliokuwa mashahidi, akainuka. Baraza likavunjika bila hukumu, na shamba likabaki la Mapendo.

Nyumba ambamo Adelaïde alikuwa akiwasikilizia watu ilifungwa juma lililofuata kwa amri ya mkuu. Sasa Adelaïde huwasikiliza wajane wakipalilia maharage kwa Mapendo, hata Alhamisi. Pikipiki ya wapiganaji ikipita barabarani, majembe husimama. Ikishapotea, huendelea.