Kila Aliyetundikwa Aliondoka

Fundi wa droo alikuwa ameshavuka geti, sanduku la zana begani, hageuki nyuma.

Picha yake ukutani haikuwa imemaliza hata wiki. Juu yake kwa rangi nyekundu: MFANYAKAZI BORA.

Huyo alikuwa wa tatu. Kila aliyetundikwa, aliondoka.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba ule ukuta una mkono wa mtu. Fundi cherehani akaapa kwamba siku akitundikwa yeye, atalala na nyundo chini ya mto.

Mimi nimezunguka sana. Nimepakia mizigo, nimepikia kambi za wajenga barabara, nimelinda mageti ya watu. Shule nilisoma vipande vipande, kila nilipotua. Wakati huo nilikuwa napiga vanishi kwenye karakana ya vitanda na makochi, na siogopi ovyo. Lakini ule ukuta niliupita kwa mbali.

Mwenye karakana alikuwa mama mmoja mchapakazi, tukimwita Mama Bosi. Alikuwa amechukua kazi ya vitanda vya bweni zima. Asipovimaliza, anafunga karakana. Alituambia wazi. Na mafundi wazuri ndio hao wanayeyuka.

Habari ya picha aliitoa kwenye semina. Wafanyakazi wakitambuliwa, watajituma.

Sawa. Ila ukishatundikwa, kesho yake unarundikiwa kazi za wenzako wote. Ukienda kunywa maji unaulizwa kama mfanyakazi bora naye huwa anazurura.

Basi watu wakaanza kushindana kwenda chini. Fundi cherehani alishona mto wenye pembe tano, makusudi, akauweka mahali unapoonekana.

Siku moja natoka nje kuosha brashi, nikamwona mchawi wetu.

Ukuta wa picha ulitazama barabara, ili wateja wavutiwe. Ng'ambo kulikuwa na karakana nyingine, ya bwana tuliyemwita Jirani. Alikuwa amesimama na kikombe cha chai, anazipitia picha zetu taratibu, kama mtu anayechagua nyanya.

Nikamweleza Mama Bosi. Akashika kiuno.

"Yaani mzee, mimi ndiye ninayemchagulia?"

"Unamchagulia, unamwoshea, unamwekea kwenye sahani."

Alitaka kuzing'oa zote saa ileile. Nikamwambia asubiri kwanza. Amtundike Godoro.

Godoro alikuwa mtu mzima na familia yake, mtunza stoo ya sponji. Alilala juu ya zile sponji mpaka alama za vitundu vya sponji zikabaki shavuni. Mama Bosi alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Tukamtundika. Karakana nzima iliuma midomo. Fundi cherehani akampigia saluti na mkasi, akimwita Mheshimiwa.

Godoro hakucheka. Aliifuta picha vumbi kwa kiwiko. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama anaweza kumleta mke wake aione.

Hapo mimi nikatazama brashi yangu.

Kesho yake alikuja shati ndani ya suruali. Akapanga stoo. Akabeba mbao bila kutumwa. Akamfuata hata Mama Bosi, ana jambo la kusema kuhusu vile vitanda. Mama Bosi akamwambia arudi stoo.

Wiki haikuisha, Jirani akamchukua. Tukagonga mikono. Mama Bosi akatununulia soda.

Furaha ile haikukaa. Ng'ambo misumeno ililia kutwa. Kwetu vitanda vilikuwa nusu, stoo imevurugika, na hakuna aliyejua sponji gani ni ya kitanda gani. Na Godoro, kule, hakuwa analala tena.

Mama Bosi akavuka barabara kumwomba. Akanivuta na mimi.

"Rudi nyumbani, baba. Nitakuwekea picha kubwa kuliko ile."

Godoro alijipangusa vumbi la mbao.

"Mama, kwako nilipewa picha. Hapa naulizwa, wewe unaonaje?"

Nyuma yake fundi wa droo alitabasamu bila kuinua kichwa.

Tukavuka barabara kurudi. Mama Bosi akaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani, akamuuliza anaonaje kuhusu vile vitanda. Yule alidhani ni mtego. Alipoona mama amevuta stuli, akaanza kusema, na hakunyamaza hadi mchana.

Vitanda viliisha, vilichelewa kidogo. Karakana haikufungwa. Fundi cherehani sasa ndiye msimamizi, na ni mkali. Waliovuka hawakurudi hata mmoja. Jirani alifungua karakana ya pili, anaiongoza Godoro. Mama Bosi haendi tena semina. Mimi niliondoka mvua zilipokatika, kwa sababu huwa naondoka.

Wewe mwenye watu wanaokufanyia kazi, waulize wanaonaje. Halafu, na hili ndilo gumu, funga mdomo usikilize.