Taulo la Siti ya Mbele

Asubuhi hii gari la Kinyerezi lilikuwa tupu, na kwenye siti ya mbele dereva alikuwa ametandaza taulo lililonuka dizeli na jasho, kama la baba.

Baba naye alikuwa dereva. Taulo lake likiwa pale, hakuna abiria aliyethubutu kulisogeza, maana siti ilikuwa na mtu. Mtu mwenyewe ni mie. Siku moja nilichelewa kituoni, nikamkuta binti wa jirani, niliyesoma naye darasa moja, keshafika dirishani kwa baba.

"Shikamoo, baba," alisema yule.

"Marahaba, mwanangu. Panda."

Baba akanyanyua taulo, yule akakaa, akapewa alishike. Nyuma watu walishajaa mpaka mlangoni.

"Na mie, baba?"

"Subiri linalofuata. Wewe si wa nyumbani?"

Gari likaondoka. Yule alikuwa amelipakata taulo, analipapasa kama paka.

Baba nilishamsamehe. Yule bado.

"Siti hii ina mtu?" nilimuuliza dereva wa leo.

"Hamna, sista. Gari zima lako, chagua."

Nikalinyanyua taulo, nikakaa hapo hapo, nikalipakata mpaka mwisho wa safari.