Walimuua Binti Yangu kwa Picha

Nilisoma kwamba binti yangu amekufa, na aliyenishikia simu nisome ni yeye mwenyewe.

"Baba, si huyu ni mimi?"

Nikatazama. Kweli ni Bibie, ndivyo tunavyomwita nyumbani. Macho kayafumba, mdomo wazi, uso mzima madoa mekundu. Chini wameandika: MTOTO HUYU AMEFARIKI BAADA YA CHANJO. MZAZI, AMKA!

Marehemu mwenyewe anatafuna muwa.

Mimi ni fundi rangi. Shule niliishia njiani, mtanivumilia. Mke wangu alifia kwenye benchi la zahanati ya mtaa wetu, akimsubiri mganga mkuu atoke semina. Tangu hapo Bibie naenda naye kazini kila akitoka shule, maana sina wa kumwachia.

Juzi juzi nikapewa kazi ya kupaka geti la zahanati hiyo hiyo. Ningefanyaje? Nikaanza na rangi ya chini, ile nyekundu ya kuzuia kutu. Kugeuka, Bibie kaokota brashi, kaikung'uta, rangi imemrukia uso mzima. Kabla sijapata mafuta ya kumfutia, kashalala benchini fofofo.

Mganga mkuu akatoka, akacheka, akapiga picha.

Nikasema moyoni, leo huyu mtu kacheka kama binadamu.

Kumbe!

Picha iliposambaa, shuleni wakaanza kumwita Bibie "Marehemu". Wanamkimbia. Hakuna wa kukaa naye dawati moja. Akagoma kwenda.

"Sitaki, Baba. Mpaka wakubwa waseme sijafa."

Haya. Nikaenda kwa wakubwa.

Mganga mkuu nilimkuta ofisini, feni inampepea kitambi.

"Mkubwa, picha ya mwanangu uliipeleka wapi?"

Akafunga mlango. "Fundi, kaa. Huko juu walitaka picha ya mtoto mwenye surua, ya kuweka kwenye bango, wazazi wahimizwe kuchanja. Sasa mimi nitamtoa wapi?"

"Zahanati nzima huna mgonjwa wa surua?"

"Watoto wamechanjwa! Miaka sijaiona surua hapa."

Jamani, hebu oneni. Mtu ana ushahidi mtamu kuliko wote kwamba sindano zimefanya kazi, halafu anauacha, anaokota mtoto aliyerukiwa na rangi!

"Basi toka nje useme ni rangi."

"Nikisema hivyo, kazi sina."

Nikamchukua Bibie aliyekuwa ananisubiri getini, tukaenda kwa Wakili. Si wakili kitu, anauza magodoro, ila kwa ule mdomo tulimpa cheo. Ndiye aliyeichukua picha ya kwenye bango, akabadilisha maneno, akamuua mwanangu. Kutwa anahubiri haki ya mzazi kuchagua.

"Shikamoo babu," Bibie akamsalimia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Kaitikia salamu ya maiti bila kupepesa jicho!

"Wakili, umemwona yuko hai. Ifute ile picha."

"Fundi, ile picha imefungua macho ya watu wengi. Nikiifuta watasema nimehongwa."

"Mzazi wake ni mimi. Mimi na mama yake tulichagua achanjwe, akachanjwa tangu mchanga. Hiyo haki ya mzazi, mimi hainihusu?"

Akajifanya anapanga magodoro.

Nikatema mate pale pale mlangoni. Si tabia yangu, lakini nilitema.

Jumamosi ukaitishwa mkutano wa mtaa, kujadili kama chanjo ni salama. Jukwaani wamekaa wote wawili, wanapeana maji ya kunywa. Nikapanda na Bibie, nikakwapua maiki.

"Mtoto ni huyu hapa! Hajafa, wala hajaugua. Ile ni rangi ya geti!"

Nikajua nimemaliza.

Mganga mkuu akaidaka maiki: "Mnaona? Alikuwa na surua kali, tumempigania, amepona!"

Makofi.

Wakili naye akasimama: "Mtoto bandia! Wamekodi mtoto! Yule wa kweli yuko kaburini!"

Makofi tena, makubwa zaidi.

Simu zikainuliwa, wanampiga picha mwanangu kama mbuzi wa mnada. Jirani yetu mmoja, anayemjua Bibie tangu anazaliwa, akaninong'oneza, kichanga kiko mgongoni:

"Shemeji, najua picha ni uongo. Lakini woga umeshaniingia. Wangu hachomwi."

Mpaka leo hajampeleka.

Nikamshika mwanangu mkono tukaondoka.

Jumatatu nikamkokota shuleni hivyo hivyo, analia njia nzima. Mlangoni mwa darasa watoto wakarudi nyuma. Kisha kasichana kamoja kenye pengo kakasogea, kakamfinya mkono. Kwa nguvu.

"Aaah! Mshenzi wewe!" Bibie akakatandika kofi.

Kale kasichana kakawageukia wenzake, kamejishika shavu: "Yuko hai. Kanipiga kweli."

Basi. Ikaishia hapo. Wakamvuta kwenda kuruka kamba.

Nyie mnaosoma, chanjo ijadilini mpaka mkeshe, na mzazi mwenye woga ajibiwe, lakini ajibiwe ukweli. Na mkitumiwa picha ya mtoto wa mtu, kabla hamjaisambaza, mtafuteni kwanza mumfinye.

Maana mtaa mzima ule, wenye vyeo na wenye magodoro, hakuna mtu mzima hata mmoja aliyenyoosha mkono kumgusa.