Lori la Kwenda Lulimba

Harufu ya sabuni ya mawese bado hunikosesha utulivu. Kule Baraka, sisi watoto wa askari tulikaa kwa mke wa koplo kabla na baada ya masomo, mama zetu wakiwa shambani. Asubuhi moja alikuwa akiniosha miguu kwa sabuni hiyo, nikasikia lori likinguruma kambini.

“Mama, baba iko anaenda?”

“Tulia, mutoto. Utachelewa ku masomo.”

Nilimponyoka mikononi, nikakimbia hadi barabarani. Lori lilikuwa limekwisha kuondoka kuelekea vitani Lulimba, limejaa askari. Nilimtafuta baba kwa macho, lakini vumbi liliwafunika wote.

Nyuma yangu nilisikia miguu ya mama yule. Nilijikunja nikingoja kofi. Alinipita mbio, akalifuata lori, akiita jina la mumewe.