Samaki Mwenye Namba

Juzi nilikwenda Eden Prairie, kitongoji cha huku Amerika nilikokulia, kuangalia gari. Ndiyo kazi yangu siku hizi: nanunua magari yaliyochoka na kuwauzia watu waliochoka zaidi. Mwenye gari aliniapia kwamba halijawahi kugongwa. Nikalizunguka mara mbili, nikaona mlango mmoja unang'aa kuliko ndugu zake, nikamwambia anipe muda nifikiri. Sikuwa na la kufikiri. Nilitaka kuvuka barabara tu, maana nyuma ya nyumba za upande wa pili kinapita kijito, na kijito kile mimi nakijua.

Basi nikasimama pale kwenye daraja dogo, rafiki yangu, nikatazama chini. Maji yalikuwa safi mpaka yanaudhi. Kila jiwe linaonekana, kila jani. Wameweka na ubao wenye picha ya bata, wakijipongeza.

Nilipokuwa msichana mdogo, maji yale yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tuliishi ghorofa ya pili, mimi, mama na bibi mzaa mama. Mama alitunza wazee wa watu usiku kucha na kulala mchana, kwa hiyo mimi nililelewa na mzee wetu. Eden Prairie kila mtu ana gari. Mimi na bibi tulitembea kwa miguu, na madereva walipunguza mwendo kututazama, kama vile tumepotelewa na mbwa.

Bibi aliuza samaki Uvira mpaka vita ilipomtoa sokoni. Baada ya hapo ikawa kambi, na kambini alijifunza jambo moja ambalo hakulisahau hata baada ya kupanda ndege: mtu mwenye namba anaishi. Mwenye namba anapata unga, anapata blanketi, anaitwa kwenye mahojiano. Asiye na namba ni kivuli, akifa hata hesabu haibadiliki. Siku tuliyoandikishwa sisi kwa ajili ya Amerika, mjomba alikuwa ameenda kutafuta kuni. Akaandikishwa baadaye, peke yake, faili lake peke yake. Sisi tukaondoka, yeye akabaki. Namba yake bibi aliijua kuliko Zaburi, na aliitamka kila jioni katikati ya sala, taratibu, tarakimu kwa tarakimu, asije Mungu akachanganya na ya mtu mwingine.

Sasa, theluji ilipokwisha na majani kuanza kuchipua, samaki walipanda kijito kutoka ziwani. Walikuwa karpu, wanene, rangi ya shaba, wenye sharubu fupi kama za katibu wa kanisa letu. Walikuwa wanakwenda kutaga kwenye kinamasi cha juu. Walipanda kwa kusukumana, migongo nje ya maji, na sauti yake ilikuwa kama wanawake wengi wanaofua nguo kwa hasira. Bibi alipowaona mara ya kwanza alishika reli ya daraja akacheka mpaka machozi. Kumbe hata huku samaki wanajua msimu.

Lakini walikuwa na mwenyeji. Ofisi ya maji ilikuwa imeweka uzio wa vyuma kukatiza kijito, na samaki walijazana pale kama abiria wasio na karatasi. Kulikuwa na bwana mmoja mrefu mwenye buti za mpira hadi kifuani, mpole, mwenye kofia ya kijani. Sisi tulimwita bwana wa uzio. Yeye na vijana wake waliwachota kwa nyavu, wakawapima, wakawahesabu kwa kidude cha kubonyeza, wakawatupa kwenye mapipa ya lori. Mle ndani midomo iliendelea kufunguka na kufungika muda mrefu sana. Bwana wa uzio alinieleza, nami nikamtafsiria bibi, kwamba karpu ni wageni, waliletwa zamani kutoka mbali, wanachimbua matope na kuharibu ziwa. Bibi akauliza wanaliwa na nani. Nikauliza. Hawaliwi, wanakuwa mbolea.

Bibi aliketi kwenye majani kama mtu aliyepigwa. Kisha akasimama akaanza biashara, maana ndivyo alivyokuwa akiponya kila kitu. Alimbana yule bwana mpaka akatoka na samaki wawili wakubwa ndani ya mfuko wa takataka. Tuliwaloweka kwa chumvi na ndimu kutoa harufu ya tope, tukawakaanga, tukala na bugali na sombe ya majani ya muhogo, king'ora cha moshi kikilia na mimi nikikipungia taulo. Jirani yetu, muuguzi kutoka Kenya, alikuja kuuliza kama tunaungua. Alipoona sufuria akasema, "Shosho, hiyo hata paka wa hapa hawezi kula." Akala vipande vitatu. Nilihesabu.

Kwao bibi kulikuwa na desturi. Samaki wa kwanza wa msimu anayetoka na mayai haliwi wala hauzwi. Anarudishwa majini kwa jina la mtu wa nyumbani aliye safarini, ili naye njia imfungukie. Mwaka uliofuata, samaki walipopanda tena, bibi alinituma nimwombe bwana wa uzio samaki mmoja wa kurudisha. Niliona aibu. Nilijua atakataa.

Hakukataa. Alifurahi. Alisema kweli leo alikuwa anarudisha mmoja ziwani, na bibi anaweza kumchagua mwenyewe. Bibi akachagua jike, tumbo limejaa, jicho bado kali. Yule bwana akamlaza kwenye kitambaa chenye maji, akampasua kidogo ubavuni, akaingiza redio ndogo kama kidole, akamshona kwa uzi mweusi, waya mwembamba ukabaki ukining'inia nje. Kwenye pezi akambana kibati chenye namba. Nikatafsiri: ni ili wajue kila siku yuko wapi.

Hapo ndipo bibi alipokosea, na hata leo sijui nani mwingine angekosea hivyo. Alikishika kile kibati, akaisoma namba mara mbili, uso wake ukafunguka. Samaki ameandikishwa. Samaki ana faili. Alimtia ziwani kwa mikono yake, akitaja jina la mjomba, na njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea kama ana miaka thelathini.

Kiangazi kile tulimwona bwana wa uzio mara kwa mara ziwani, ndani ya mtumbwi wa bati, ameinua antena kama mwavuli ulioungua. Bibi alinisukuma nimuulize samaki wetu anaendeleaje. Anaendelea vizuri, alisema, yuko kwenye matete. Jumapili bibi alimpigia mjomba simu na kumpa habari hizo, na mjomba, aliyekuwa anasimama juu ya kilima kutafuta mtandao, alicheka na kuuliza kama samaki naye amefanyiwa mahojiano. Majani yalipokuwa yanadondoka yeye alifanyiwa ya kwake. Akapita. Ikabaki kupimwa afya na ndege. Bibi akamnunulia koti.

Ziwa lilipoganda, tuliona malori juu ya barafu. Jirani alikuwa na zamu ya jioni, akakubali kutu-drive mpaka ufukweni, akituambia njia nzima kwamba watu wenye akili wako kwenye heater. Bwana wa uzio alitukimbilia kama ndugu wa harusi. Wakati wa baridi, alisema, karpu wote wa ziwa hukusanyika mahali pamoja chini ya barafu, wamebanana, na hakuna anayejua ni wapi. Isipokuwa samaki mwenye redio. Anawatafuta wenzake, na wao wanamfuata yeye kwa antena. "Mwambie bibi yako," alisema, "samaki wake ametuonyesha wote."

Nikamwambia. Ningefanya nini? Walikuwa wameshapitisha kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota, chini ya barafu kutoka tundu hadi tundu, na sasa mashine ilikuwa inauvuta. Waliletwa juu kama mzigo wa matofali. Walirundikwa, na baridi iliwagandisha wakiwa bado wanapiga mikia, wa juu wakipiga, wa chini tayari kuni. Kidude cha kubonyeza kililia bila kupumzika.

Kijana mmoja akaona waya. Wakampigia makofi samaki yule. Bwana wa uzio akambeba kwa mikono miwili kuelekea kwenye tundu.

"Bon," bibi aliniambia, akiniita mama kama alivyozoea. "Mama, muambie aniuzie huyo. Bei yake."

Bwana wa uzio akasema hauzwi. Huyo ni wa thamani kuliko wote, redio yake itadumu miaka. Walikuwa wamebaki wachache ziwani. Atawatafuta, na mwaka ujao wao watarudi na kokoro. Bibi akapandisha bei, akataja na koti. Yule bwana akatabasamu, akapiga magoti, akamwachia samaki tunduni.

Jirani alikuwa anapiga miguu chini kwa baridi. "Shosho, si ulitaka aishi? Ameishi."

Bibi alitazama lile tundu. Kisha akaniambia nimuulize yule bwana kama samaki mwenyewe anajua. Aliona ni mzaha. Akajibu kwamba samaki hawajui chochote, hawapendi tu kuwa peke yao.

Hilo nalo nilitafsiri.

Ndege za kuwaleta watu wa kambini huku zilisimamishwa kabla barafu haijayeyuka. Mjomba akaambiwa asubiri, faili liko salama. Bibi hakula samaki tena, na katika sala ya jioni hakutaja namba. Alitaja jina tu, harakaharaka, kama anayeogopa kusikika. Tulimzika bibi, koti la mjomba likiwa bado na karatasi ya duka.

Mjomba bado yuko kambini. Aliokuwa anaishi nao wametawanyika au wamefukiwa. Alinipigia mwezi uliopita. Walikuwa wamemhesabu tena, na mashine ya kuhesabia ilipozimika wakamhesabu mara ya pili. Namba ni ile ile.

Nilisimama darajani mpaka mwenye gari akatoka kuniangalia. Nikahesabu samaki chini ya maji yale mazuri: hakuna hata mmoja. Kisha nikahesabu tena.